Datsun iliyotamba kwenye filamu kabla ya kubeba Safari kweli

Moshono, Arusha. Jumamosi jioni Moshono huwa ni mpira tu. Banda umiza limejaa, wa Arsenal wamekaa upande wao, wa Manchester United wamejibana kwao wakijifariji kwa makombe ya zamani, na nje bodaboda zimepangwa mstari kama kuna msiba wa mtu mkubwa. Mechi ikienda mapumziko simu zinatoka mifukoni na klipu zinaanza kuzunguka: mabao, ngumi, vichekesho, ajali za magari.

Sasa chukua klipu moja ya filamu ya Kijapani ya mwaka 1969 uipitishe humo ndani. Linaonekana gari dogo la milango minne, umbo kama boksi la sabuni, taa za ziada zimefungwa mbele, linapasua vumbi jekundu. Hakuna atakayelitazama mara mbili. Mmoja atasema ni teksi ya zamani. Mwingine atasema ni Corolla ya babu. Kipindi cha pili kitaanza na simu itarudi mfukoni.

Gari hilo si teksi, ingawa ndugu zake wengi walifanya kazi hiyo. Ni Datsun 1600 SSS. Wajapani wanaliita Bluebird, na wapenzi wa magari duniani wanalitaja kwa namba tu: 510. Filamu yenyewe ilitoka Japan Julai 1969 kwa jina la Eiko e no 5000 Kiro, yaani kilomita 5,000 kuelekea kwenye utukufu. Nje ya Japan ikajulikana kama Safari 5000.

Kilomita hizo 5,000 si za Tokyo wala za Ulaya. Ni za huku huku, za Kenya, Uganda na Tanzania, kwenye mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki. Na utamu wa stori uko hapa: wakati filamu inaingia kwenye majumba ya sinema, Datsun ilikuwa haijawahi kushinda Safari hata mara moja. Ni sawa na klabu kujitengenezea filamu ya Ligi ya Mabingwa huku kabati la makombe lina buibui.

Haukupita hata mwaka, kabati likajaa.

PASAKA ILIKUWA YA MAGARI

Kwa kizazi kilichozaliwa baada ya miaka ya 1980, Safari Rally ni kitu cha Kenya. Ni Naivasha, ni Toyota, ni Sebastien Ogier na Kalle Rovanpera. Si makosa yao, ndivyo walivyoikuta. Lakini mbio hizo zilizaliwa zikiwa za nchi tatu.

Zilianza Mei 1953, wakati wa ukoloni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Ziliitwa Coronation Safari. Mwaka huo hata mshindi wa jumla hakutangazwa, kila daraja la magari lilikuwa na mshindi wake. Mwaka 1960 jina likabadilika na kuwa East African Safari, na hapo ndipo ikawa habari kubwa ya kila Pasaka. Wakati wengine wanarudi kanisani, wengine walikuwa wamesimama kwenye kona ya barabara tangu usiku, wamejifunika mashuka, wanasubiri taa.

Ukisema mbio za magari leo, kijana anafikiria barabara iliyofungwa, kamba na askari. Safari ya wakati ule haikuwa hivyo. Barabara ilikuwa wazi kwa kila mtu. Dereva wa rali angeweza kukata kona kwa kasi akakutana uso kwa uso na lori la pamba, basi la abiria au ng'ombe hamsini wa Mmasai ambaye hana habari na mashindano ya mtu yeyote. Hapakuwa na dakika 90. Gari lilitoka kituo kimoja kwenda kingine kwa muda uliopangwa, na ukichelewa unahesabiwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye bingwa. Walikimbia mchana na usiku, na usingizi ulikuwa mpinzani sawa na Peugeot au Ford.

Kwa upande wa Tanzania, majina yaliyowatia madereva homa yalikuwa mawili: Usambara na Mbulu. Usambara ni kona, utelezi na ukungu. Mbulu ni mlima na mawe. Mvua za masika nazo haziulizi ratiba, zinakuja Pasaka ileile. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa, hata trekta linaomba msaada. Ndiyo maana magari mengi ya Safari yalifungwa vishikizo na vikanyagio nyuma, juu ya bampa. Gari likianza kuteleza, msoma ramani alitoka ndani, akapanda nyuma na kuanza kurukaruka ili uzito ukandamize tairi. Mtu na suti yake ya mashindano, anarukaruka kwenye buti la gari kama konda wa kifodi.

Matokeo yake yalikuwa ya kutisha. Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yaliyomaliza ni saba. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena. Katika miaka hiyo miwili mshindi alikuwa yuleyule, Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na gari lilikuwa lilelile, Peugeot 404. Kwa hiyo ule msemo wa mafundi wa zamani kwamba Peugeot haifi haukutoka hewani.

Na hapa Watanzania wana lao la kujivunia ambalo halisemwi sana. Mwaka 1966 na 1967 Safari ilibebwa mara mbili mfululizo na Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Ubingwa wa pili ulikuja Pasaka ya 1967, wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha. Kombe la mbio ngumu kuliko zote duniani lilikuwa la mtu anayekaa Dar, na leo ukiuliza jina lake kwenye vijiwe vya Kijenge utaonekana umekosea mtaa.

WAJAPANI WANAKUJA NA DAFTARI

Nissan, kampuni yenye jina la Datsun, ilikuja Safari kwa mara ya kwanza mwaka huohuo wa balaa, 1963. Haikuwa na bahati. Katika magari saba yaliyomaliza hapakuwa na Datsun hata moja.

Timu nyingine ingesema asante na kufunga virago. Wajapani walirudi na daftari. Wakati ule gari la Kijapani lilikuwa linachekwa, mtu mwenye hela zake alinunua la Uingereza, Ufaransa au Ujerumani. Nissan iliona kwamba kama gari lake litapita kwenye tope la Afrika Mashariki na likatoka salama, hakuna mteja yeyote duniani atakayecheka tena. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yao. Safari ilikuwa kiwanja cha mazoezi na ubao wa matangazo kwa wakati mmoja. Walivunja springi, wakaandika. Walipasua sampo, wakaandika. Kila kilichovunjika huku kilirudi Japan, kikatengenezwa upya kikiwa kigumu zaidi.

Mwaka 1966, uleule wa ubingwa wa kwanza wa Shankland, daftari likaanza kulipa. Magari 88 yalianza, tisa yakamaliza, na kati ya hayo tisa Datsun Bluebird mbili zilishika nafasi ya tano na ya sita na kubeba ushindi wa daraja lao. Kwa mpira wetu ni kama timu iliyopanda daraja juzi kumaliza ndani ya sita bora. Si ubingwa, lakini hakuna tena anayekuchukulia poa.

Kiongozi wa msafara wa Nissan wa mwaka huo alirudi nyumbani akaandika kitabu. Kitabu hicho ndicho kilichozaa filamu.

STAA WA JAPAN KWENYE VUMBI LA HUKU

Aliyeitaka stori hiyo iwe sinema hakuwa mtu mdogo. Yujiro Ishihara alikuwa staa mkubwa kuliko wote Japan enzi hizo, mwigizaji na mwimbaji, sura yake ikiwa kila ukuta. Kaka yake, Shintaro, baadaye akawa gavana wa Tokyo. Yujiro alikuwa amechoka kutumwa na studio, akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya filamu, na alitaka kitu kikubwa ambacho Japan haijawahi kukiona.

Akamkabidhi kazi mwongozaji Koreyoshi Kurahara. Akakusanya kikosi ambacho kwa lugha ya usajili ni Galacticos: Toshiro Mifune, yule wa filamu za samurai za Akira Kurosawa, Tatsuya Nakadai, Ruriko Asaoka, na kutoka Ufaransa Emmanuelle Riva na Jean-Claude Drouot. Nissan ikaleta magari. Halafu wakafunga safari kuja Afrika Mashariki, kwa sababu mahali pengine popote pangeonekana ni uongo.

Ishihara anaigiza dereva wa Kijapani anayezunguka dunia kutafuta ushindi. Anapitia Monte Carlo, anaumia, anarudi, na mwisho anakuja kupambana na Safari akiwa ndani ya Bluebird 510. Ana mapenzi yanayomsubiri na rafiki aliyegeuka mpinzani. Kama anashinda au hashindi, hilo aachiwe atakayeitafuta filamu akaitazama mwenyewe. Ila ukweli ni kwamba mapenzi ya humo yanasahaulika haraka. Kinachobaki kichwani ni gari.

Na gari lenyewe lilistahili kuwa mhusika mkuu. Bluebird 510 iliingia sokoni Agosti 1967. Injini yake ina silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 1,595, na toleo la SSS lilikuwa na kabureta mbili na nguvu za farasi kama 100. Kwa leo ni kidogo, Noah ya shule inazidi hapo. Siri haikuwa kwenye injini, ilikuwa chini. Magari mengi ya bei yake wakati ule yalikuwa na ekseli moja ngumu nyuma, tairi la kushoto likigonga jiwe na la kulia linaumia. Kwenye 510 ya SSS kila tairi lilikuwa na springi na shokapu yake, linapanda na kushuka lenyewe. Fundi yeyote wa Arusha aliyewahi kupeleka gari la watalii kwenye makorongo anajua maana ya hicho kitu. Tairi likibaki chini, nguvu inabaki chini.

Arusha, kwa kweli, haikuwa ngeni kwa kamera. Miaka michache kabla, Hollywood ilikuwa imekuja Momella, chini ya Mlima Meru, kupiga filamu ya Hatari! iliyotoka 1962, John Wayne akiwa mbele. Humo ndani kuna mhusika anaitwa Kurt, mkamata wanyama aliyekuwa dereva wa mbio za magari, ameigizwa na Mjerumani Hardy Kruger. Kruger alipapenda Momella hadi akanunua shamba akakaa. Kwa hiyo dereva wa mbio wa kwenye filamu tulishakuwa naye mlimani, kilichokosekana ni gari lake.

HAUKUPITA MWAKA

Rudi kwenye ratiba. Aprili 1969 Safari inakimbiwa, Datsun inakosa tena. Kombe linakwenda kwa Robin Hillyar na Jock Aird na Ford Taunus yao. Julai filamu inatoka, Wajapani wanajaza kumbi kumwona Ishihara akipambana na Safari. Kama kuna timu iliyowahi kujiwekea presha, ni hiyo. Umeshawauzia watu tiketi ya ndoto, sasa nenda kaitimize.

Pasaka ya 1970 wakaja na 510 zilezile za kwenye filamu. Inafaa iwekwe wazi, maana watu huchanganya: lililoshinda si lazima liwe bodi ileile aliyoendesha Ishihara mbele ya kamera. Ni aina ileile, 1600 SSS, imeandaliwa na timu ileile. Lakini aliyeshika usukani safari hii hakuwa staa wa sinema. Alikuwa Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, msoma ramani wake akiwa Hans Schuller.

Herrmann akashinda. Wa pili akawa Joginder Singh, akiwa na Ken Ranyard, naye ndani ya Datsun ileile. Nissan ikabeba ubingwa wa jumla, ushindi wa daraja na tuzo ya timu. Makombe matatu kwa mpigo, treble kabisa, miaka saba tu baada ya kutoka kapa 1963.

Huyu Joginder anastahili asimame kidogo. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, Singasinga mwenye kilemba na ndevu zake, fundi wa gereji kabla hajawa dereva. Alishaibeba Safari 1965 na Volvo akiwa na mdogo wake Jaswant, na baadaye akaibeba 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Wazungu walimpa jina la Singasinga Anayeruka. Huku mitaani alikuwa Simba. Ushabiki wa Kariakoo uwekwe pembeni, Simba huyu hata Yanga angeshangiliwa.

Unaona basi timu ya Kijapani ilivyoundwa. Gari la Yokohama, ila usukani ni wa wenyeji. Nissan walielewa mapema kitu ambacho klabu zetu zinakijua zikienda ugenini: uwanja wa mtu unachezwa na anayeujua. Dereva wa Ulaya alikuja na kasi. Wa huku alijua kwamba mto fulani ukinyesha Mbulu saa kumi, saa mbili usiku haupitiki. Mpaka mwaka 1972 hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyewahi kushinda Safari. Aliyekuja kuvunja mwiko huo ni Mfini Hannu Mikkola akiwa na Gunnar Palm na Ford Escort.

Lakini pia pana ukweli ambao filamu wala magazeti ya enzi zile hayakuusema sana. Neno wenyeji kwenye orodha ya washindi lilimaanisha Wazungu na Wahindi wa Afrika Mashariki. Gari la rali lilikuwa na bei, na mwenye bei hakuwa mkulima wa kahawa wa Meru. Waafrika walikuwa pembeni ya barabara, au chini ya gari wakikaza nati, au nyuma yake wakilisukuma litoke kwenye tope. Ubingwa wa Safari umesukumwa mara nyingi na mikono ya wanakijiji ambao hakuna kitabu kilichoandika majina yao. Ilibidi ifike 1994 ndipo Mkenya Patrick Njiru amalize wa nne kwa jumla na Subaru.

NJIA PANDA YA 1973

Baada ya 1970 Datsun haikukamatika. Mwaka 1971 ikaja na gari jipya la michezo, 240Z, Herrmann na Schuller wakashinda tena, Shekhar Mehta na Mike Doughty wakawa wa pili. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta.

Mehta alizaliwa Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia Uganda, na mji aliozaliwa ukawa si wake tena. Mwaka uliofuata akashinda mbio ambazo zamani zilikuwa za nchi yake na mbili za jirani. Na alishinda kwa namna ambayo VAR ingechukua wiki kuamua: yeye na Msweden Harry Kallstrom, wote kwenye Datsun, walimaliza na adhabu sawasawa, 406 kwa 406, baada ya maelfu ya kilomita. Ikaangaliwa nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupata adhabu. Mehta. Akaja kuibeba tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mpaka leo hakuna aliyefikisha Safari tano kama zake.

Ile ya 1973 ndiyo ilikuwa ya mwisho kuvuka mipaka. Kuanzia 1974 mbio zikabaki ndani ya Kenya peke yake, na neno Afrika Mashariki likaondoka kwenye jina. Miaka mitatu baadaye, 1977, na Jumuiya yenyewe ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake yalikuwa hapa hapa Arusha, ikavunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Gari ambalo zamani lilikuwa linapita Namanga kwa kasi lisingepita hata kwa kusukumwa.

Kwa mtoto wa Arusha wa wakati ule, Safari iliisha hivyo. Hakuna aliyetangaza kustaafu, hakuna mechi ya kuagana. Pasaka moja magari yalipita, Pasaka iliyofuata hayakupita.

LIKO ZAMA, HALIKO KWETU

Leo ukitaka kuiona kwa macho ile Bluebird iliyoshinda Safari ya 1970, panda ndege uende Zama, karibu na Tokyo. Nissan wana ghala huko kwenye eneo la kiwanda chao cha zamani, lina magari ya kihistoria zaidi ya 300, yamefutwa vumbi na yamepangwa. Bluebird ya 1970 imo. 240Z ya 1971 nayo imo, na mwaka 2013 wafanyakazi wa Nissan wanaofufua magari ya zamani waliitengeneza mpaka injini ikawaka na gari likatembea. Baba analeta mwanawe, anamwonyesha, anamwambia hili lilishinda Afrika.

Filamu nayo wameitunza kwa namna yao. Ishihara alitaka kazi zake kubwa zitazamwe kwenye skrini kubwa tu, si kwenye kiluninga cha sebuleni. Alifariki 1987, na neno lake likaheshimiwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Zaidi ya miaka 40 ilipita tangu itoke ndipo Safari 5000 ikaanza kuuzwa kwenye diski.

Huku tulikokimbiwa hizo kilomita hakuna gari, hakuna ghala. Kombe la Shankland halina kabati linalojulikana na shabiki wa kawaida. Datsun zilizobaki kwenye gereji zetu zilikatwa zamani, boneti ikawa mlango wa banda la kuku, difu ikahamia kwenye mkokoteni. Hiyo si dhambi, chuma ni chuma na njaa ni njaa. Lakini inaeleza kwa nini kijana wa Moshono akiona klipu ile anadhani anatazama teksi ya nchi ya watu, kumbe huenda anatazama barabara aliyopita babu yake.

Kuna nyakati magari hayo yanarudi kama wageni. Tangu 2003 kumekuwa na Safari ya magari ya zamani, inayokusanya Porsche, Escort na Datsun za enzi hizo, na imewahi kuvuka mpaka na kufika Arusha. Watoto hukimbia nje kupunga mikono. Wenye magari wengi ni matajiri kutoka mbali, wanalala hoteli, asubuhi wanaondoka.

Halafu kuna AFCON. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitakuwa mwenyeji kwa pamoja, na jiji hili limepewa uwanja wake, unajengwa Olmoti kwa ajili ya watu 30,000. Inasemwa kila siku kwamba ni mara ya kwanza nchi hizi tatu kuandaa kitu kikubwa pamoja. Si kweli hata kidogo. Miaka zaidi ya 50 kabla ya AFCON ya Pamoja palikuwa na mashindano yaliyotoka nchi moja hadi nyingine usiku kucha, dunia nzima ikitazama, hadi Japan wakaona inafaa kuyatengenezea sinema.

Sinema yenyewe ni ndefu, karibu saa tatu. Mwenye banda umiza akiamua kuionyesha Jumamosi moja ambayo ligi imesimama, ajiandae, maana hiyo ni sawa na mechi mbili mfululizo, na wateja wataanza kugombana kama kiingilio ni cha mechi moja au mbili.